Mitungi Miwili ya Jobeda

Jobeda hakuwahi kutulia penye mtungi mtupu. Hata kwenye harusi za watu, katikati ya wali na nyama, alinyanyuka kwenda kuchungulia kama wenyeji wana maji ya kutosha, na wenyeji walichukia, haki yao. Kule kwao nyuma ya tuta la kuzuia bahari, ambako mabwawa ya kufugia kamba wa kuliwa yamezizunguka nyumba na udongo wenyewe ukiulamba una chumvi, hakuna mwanamke asiyehangaikia maji matamu. Lakini hangaiko la Jobeda lilikuwa limepita kiasi. Walimwita Jobeda Mitungi mbele ya uso wake, naye hakujali.

Waliocheka sana ni walioolewa pale juzi juzi. Wa rika lake walijua kisa. Miaka mingi nyuma, bahari ilipovuka tuta na kujaza mabwawa yote ya maji ya kunywa, mwanawe wa pili, Tuku, alishikwa na kiu akanywa maji yale machafu. Akaharisha. Alikufa kwenye mtumbwi kabla hawajafika zahanati, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, akiomba maji. Jobeda hakuwa na tone la kumpa. Basi tangu siku hiyo akawa na hofu moja tu duniani, na hofu hiyo haikumwacha akae.

Mwaka huu bendera za hatari zilipandishwa mwezi wa Joishtho, kabla mvua hazijaanza, joto likiwa limekausha mapipa yote ya maji ya mvua. Vijana wa kujitolea wakapita juu ya tuta na kipaza sauti, wakiwaambia watu wahamie kwenye lile jengo la ghorofa lililojengwa kwa ajili ya vimbunga. Nyumbani kwa Jobeda walikuwa watatu na kichanga: yeye, mumewe Mokshed, na Shiuli, mke wa mtoto wao mkubwa Jamal, aliyejifungua juzi tu. Jamal mwenyewe alikuwa mbali, kwenye matanuri ya matofali.

Maji matamu yaliyobaki yalitosha mitungi miwili. Wakaifanyia kama inavyofanywa kule kila kimbunga kinapokuja. Mdomo wa mtungi unafunikwa kwa nailoni, unakazwa kwa uzi wa gunia, unasiribwa udongo wa mfinyanzi, halafu mtungi mzima unafukiwa kwenye sakafu ya nyumba, na juu yake udongo unashindiliwa kwa gogo mpaka ulie kama jiwe. Bahari ikipita, ipite juu. Mmoja waliufukia jikoni, wa pili chini ya kitanda.

Shiuli alikuwa anafunga nguo za mtoto aliposikia jembe tena jikoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Fundo sikulikaza."

"Umelikaza. Nimeliona kwa macho yangu."

"Wewe ulikuwa unamwangalia mtoto. Utaonaje?"

Akaufukua, akalikuta fundo limekaza vilevile, akafunga upya, akafukia, akashindilia. Akanawa mikono. Akasimama mlangoni akitazama mawingu. Kabla Shiuli hajamaliza kunyonyesha, jembe likasikika tena. Safari hii ilikuwa nailoni: huenda ina tundu.

Mokshed alikuwa anamfunga mbuzi kamba. Akacheka.

"Mama Jamal, uhurumie huo mtungi. Hata maiti huzikwa mara moja."

"Wewe mzee funga domo lako! Ukipata kiu utakunywa utani?"

"Nitakunywa machozi yako, maana leo yanatosha kijiji kizima."

Mvua ikaanza, matone makubwa ya kulalia upande. Kipaza sauti kikarudi, sauti ya kijana ikipasuka: tokeni, tokeni sasa hivi! Shiuli alikwisha kumfunika mtoto kwa khanga mbili. Na Jobeda alikuwa amepiga magoti jikoni, anaufukua mtungi uleule mara ya tatu, maana alidhani amesikia umepasuka. Haukuwa umepasuka. Udongo wa kusiriba ulikuwa umelowa, haukushika. Alifukia haraka haraka kwa tope, akakanyaga kwa mguu, gogo hakuliona liko wapi. Kisha akaugeukia ule wa chini ya kitanda.

Hapo Mokshed akaacha utani. Alimnyang'anya jembe, akamshika mkono kwa nguvu.

"Huo hutaugusa. Twende."

"Mara moja tu, baba Jamal! Niangalie tu!"

"Twende, nimesema."

Kwenye lile jengo Jobeda alikuwa kero. Watu walibanana sakafuni hadi kwenye ngazi, na yeye anaruka miguu ya wenzake, anakwenda dirishani, anarudi, anakwenda tena. Tangi la pale likakauka mapema, watoto walikuwa wengi. "Jobeda Mitungi, kaa chini, unatukanyaga!" akapiga kelele jirani mmoja. Akakaa. Akainuka. Upepo ulipiga kuta usiku wote, na bahari ikapita chini ya nguzo za jengo, wote wakiisikia.

Asubuhi walirudi kwa kupita kwenye tope la magotini. Paa lilikuwa limekwenda, kuta mbili zimelala. Kitako cha nyumba kilikuwa kimebaki, kimefunikwa tope, na mabwawa pande zote yalikuwa maji ya bahari yenye samaki waliokufa. Shiuli midomo yake ilikuwa imepasuka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Akanyonya tena, akaachia.

"Hayatoki, mama," Shiuli akasema taratibu. "Tangu jana sijanywa kitu."

Jobeda alikwenda moja kwa moja jikoni. Jembe lilizama kirahisi, na moyo wake ukazama nalo, kwa sababu sakafu iliyoshindiliwa haiachii hivyo. Mtungi ulikuwa mzima. Nailoni ilikuwa imelegea upande mmoja. Alichovya kidole, akalamba.

Chumvi.

Alichovya tena, kana kwamba kidole ndicho kilichokosea.

"Nimeyaua mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu hii. Ningeuacha mtungi, yangekuwa matamu."

Mokshed akausogeza mtungi kando.

Jobeda akamtupia Shiuli jembe miguuni. "Chimba wewe. Ule wa kitandani. Mimi siugusi." Akampokea mtoto, akasimama mbali.

Shiuli alichimba akihema. Udongo ulikuwa mgumu, ukitoka vipande vipande. Alipokata uzi na kuondoa nailoni, aliinamisha mtungi kwenye bakuli, akaonja. Halafu akanywa. Akanywa bakuli zima bila kupumua, machozi yanamtoka.

"Matamu, mama! Matamu kabisa!"

Wakanywa wote, mafunda machache tu. Jobeda alikunywa wa mwisho. Mashua ya msaada hakuna aliyejua itafika lini, kwa hiyo mtungi ilibidi ufungwe tena.

"Njoo unionyeshe fundo," Shiuli akasema.

"Unalijua."

"Sasa nifukie wapi?"

"Usiniambie," Jobeda akajibu. "Mkiwa na kiu nyinyi mtajua ulipo. Mimi sitaki kujua, mwanangu. Nikijua nitaufukua."

Akageuka, akaielekea bahari, mtoto kifuani. Nyuma yake alisikia jembe, kisha udongo ukimwagika, kisha gogo, pu, pu, pu. Aliyasikia mapigo yanazidi kuwa mepesi upande mmoja, na shingo yake yote ikataka kugeuka imwambie Shiuli apige tena pale. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akauma midomo. Hakugeuka.