Nesi wa Siku Tatu

Kabla Verlene Pate hajawa nesi wa kweli, alikuwa nesi wa uongo kwa siku tatu. Mimi nilikuwa nikiuza bisi hatua chache kutoka aliposimama, na naweza kuwaambia kwamba uongo ule aliufanya vizuri mno. Shida yote ilianzia hapo.

Wakati huo mchana tulifanya kazi wote kiwanda cha soksi, hapa Harlow, Georgia, yeye ana miaka thelathini na minane. Alipokuwa msichana alisomea uuguzi mwaka mmoja, mama yake akapooza, akarudi nyumbani kumuuguza, na mama akachukua miaka kumi na mitano kufa. Simsemi vibaya marehemu, nahesabu tu. Verlene hakulalamika. Lakini mtu akichomwa na sindano ya mashine pale kiwandani, hakuitwa msimamizi. Aliitwa Verlene, naye alikuja mbio, uso umechangamka kama kaitwa harusini.

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka sitini na sita akaja bwana mmoja kutoka Atlanta, jina lake Rusk, na picha ya sinema ya kutisha kwenye buti la gari. Picha yenyewe ilikuwa takataka. Daktari mwendawazimu anawakata watu viungo ndani ya ghala, damu ni sosi ya nyanya, na mahali fulani unaona kabisa kivuli cha mpiga picha ukutani. Picha za namna hiyo haziuzwi kwa uzuri wake, zinauzwa kwa makelele. Kwa hiyo kila mji alioingia, Rusk alikodi mwanamke mmoja, akamvika gauni jeupe la nesi na kumsimamisha na machela langoni mwa sinema ya magari, ile ambayo watu hutazama picha wakiwa ndani ya magari yao, pembeni pana gari la maiti la kuazima lililobandikwa msalaba mwekundu. Kila aliyeingia alitia sahihi karatasi kwamba akifa kwa woga asilaumiwe mtu. Watu walisaini huku wanacheka.

Alikodi pia mtu wa kuzimia. Kwetu alimpata Hoyt Sapp, mkulima wa karanga, mgane mwenye masharubu makubwa, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimpelekea Verlene karanga za kuchemsha kila Jumamosi. Verlene alizila karanga na hakusema ndiyo wala hapana.

"Unaanguka kama gunia," Verlene alimwambia siku ya mazoezi. "Mtu akizimia hulegea magoti kwanza."

"Basi nifundishe, nesi wangu."

"Mimi si nesi wako."

"Wa nani basi? Hujaolewa, na gauni jeupe umeshavaa."

"Jeupe la kazi hili, Hoyt. Usijipe moyo." Kisha akamtazama vizuri. "Huo mkono unausugulia nini?"

"Shamba tu. Nang'oa karanga tangu Jumatatu."

"Mkono wa kushoto peke yake ndio unaong'oa? Nenda kamwone Daktari Crews."

"Nimwone aniambie niache kuanguka? Kazi pekee maishani mwangu ya kupigiwa honi, niiache?"

Kwenye sinema ya magari hakuna anayepiga makofi. Mtu akifurahi anapiga honi, na magari mia mbili yakipiga kwa pamoja hata wafu wa makaburi ya Wabaptisti wanageuka.

Alhamisi, siku ya kwanza, yule mwendawazimu wa kwenye picha alipotoa kisu, Hoyt alishuka kwenye gari lake, akapepesuka mpaka mbele ya mstari wa kwanza, akalegea magoti na kwenda chini. Verlene akakimbilia kwenye kipaza sauti, kwenye chumba cha mitambo nyuma ya meza yangu ya bisi. Sauti yake ikatoka kwenye spika ndogo zilizoning'inia katika kila dirisha la gari: "Samahani jamani. Kuna mgonjwa mstari wa kwanza. Huu si mchezo. Kama kuna daktari, naomba aje."

Akaja. Lamar Crews, daktari wetu mmoja tu, alikuwa amevua viatu ili atazame picha kwa raha, na alitoka garini na soksi, mkoba mkononi, akikimbia juu ya changarawe. Akapiga magoti. Hoyt akafungua jicho moja akamkonyeza.

Honi zililia mpaka picha haikusikika. Daktari alicheka kwa mdomo, ila masikio yalimwiva. Verlene alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia ya unesi. Nami nilicheka, nikagonga ile kengele ya mezani ya kuitia wateja.

Ijumaa mji mzima ulikuwa umeshasikia, ndipo Rusk akambadilishia maneno. Verlene akasema: "Jana ulikuwa mchezo, nakiri. Leo ni kweli." Hakuna aliyeinuka. Walipiga honi kuliko jana.

Jumamosi Daktari Crews alirudi na mkewe na watoto, nadhani ili watu wasiseme amenuna. Picha ilikuwa haijafika popote, kisu hakijatoka, Hoyt akaanguka. Tena hakuanguka mbele ambako wangemwona, alianguka ubavuni mwa gari lake mwenyewe.

"Umewahi, Hoyt," Verlene alimwambia, amekasirika, anaburuta machela. "Inuka, bado."

Baadaye alinieleza alivyojua. Hoyt akijifanya amezimia aliweza kubana pumzi, ila masharubu yalimsaliti, yalicheza kwa kicheko. Siku hiyo yalitulia. Shati lilikuwa limelowa jasho na midomo imebadilika rangi.

Alipita mbio mbele yangu kwenda kwenye kipaza sauti. "Jamani, huu si..." akakwama. "Leo ni..." akakwama tena. Maneno yote ya kumwita daktari alikuwa ameshayatumia. Mwishowe akasema, "Hoyt anakufa. Hoyt Sapp anakufa, nawaomba." Alisema kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tena.

Honi zikaanza. Nikamwambia mteja wangu, "Leo kapatia," nikagonga kengele mara tatu.

Verlene akakimbia mpaka gari la daktari, akagonga dirisha. Daktari akashusha kioo nusu.

"Daktari, njoo. Ni moyo. Nakuapia kwa mama yangu."

"Vizuri sana, Verlene," akasema. "Ila leo nimevua viatu tena, na sivivai." Akapandisha kioo. Verlene alikipiga kile kioo kwa viganja, na watoto kiti cha nyuma wanamcheka.

Basi akarudi mwenyewe. Akamlaza Hoyt kifudifudi na kumkandamiza mgongo na kumwinua mikono, kama alivyofundishwa katika ule mwaka wake mmoja. Rusk alidhani anaongeza chumvi, akamwelekezea taa kubwa ili wote waone. Na waliona, na walipiga honi, mpaka waliokuwa karibu wakaona nesi analia na haachi kukandamiza. Honi zikanyamaza moja moja kutoka mbele kwenda nyuma. Ndipo daktari akaja, peku safari hii, hata soksi hana. Alikuwa amechelewa.

Rusk aliondoka na picha yake kabla hakujapambazuka. Mji haukulizungumza jambo lile, tulimzika Hoyt tukaona haya kutazamana. Mwezi mmoja baadaye Daktari Crews alifika kwa Verlene na barua ya kumwombea nafasi chuo cha uuguzi huko Macon. Aliipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Akaenda, akakaa darasani na wasichana wa miaka kumi na minane. Huko alifundishwa kwamba moyo ukisimama unakandamizwa kifuani, na ile njia ya mgongoni haikuwa na faida. Aliniandikia jambo hilo kwa sentensi moja, bila neno jingine.

Miaka ishirini baadaye nililazwa hospitali ya wilaya kwa mawe ya nyongo, katika wodi ya Verlene. Chumba cha pili alikuwa Daktari Crews, mzee, amevunjika nyonga, na kidole hakitoki kwenye kengele. Mara maji, mara pazia, mara hataki kitu. Manesi wadogo walishamchoka. Verlene alikwenda kila alipoita, mara tisa kabla ya chakula cha mchana, na miguu yake imevimba.

Nilikasirika kweli. "Mwache apige mpaka kidole kimuume," nilimwambia. "Alikufungia kioo usoni, Verlene. Umesahau?"

"Alifunga, ndiyo." Alikuwa ananitengenezea mto, hakunitazama. "Na mimi Alhamisi nilimcheka mpaka machozi. Na wewe, Nadine, Jumamosi uligonga kengele mara tatu. Nilizisikia nikipita."

Miaka yote hiyo nilijipa moyo kwamba katika makelele yale hakuna aliyeisikia. Kengele ya chumba cha pili ikalia, naye akaenda.