Mashavu ya Syntiche

Agnès anauzishaka mikate ya mafuta pa Naviundu, tunaikala lupango moja, nyumba zetu zinaangaliana. Dada yake alikufa wakati ya kuzaa, akaacha mutoto mwanamuke, Syntiche. Baba ya mutoto alienda Kolwezi kutafuta kazi, hakurudia tena. Agnès hakuzaa. Ule mutoto njo wake, na kama unasema ingine mbele yake, jikaze.

Lakini ule baba ni muntu wa Kasai, na kwa Bakasai mutoto iko wa kwa baba. Kambo yake Christiane, mama ya ule baba, anaikalaka Kipushi. Alimuachia Agnès mutoto kwa kinywa tu: "Mulishe muzuri. Siku nitaona amekonda, nitamukamata." Na alikuwa anakuya kweli kuangalia. Salamu haijaisha, tayari anamufinya mutoto mukono, anamufinya mashavu. Akikuta nyama, anacheka. Weee, ile mama na bidole yake!

Basi Agnès alilisha. Bukari ya unga, mikate, sucré ya chupa, tena bukari. Syntiche wa miaka sita alikuwa anavaa robe ya mutoto wa miaka kumi. Avenue nzima ilisifu: "Mutoto ya boss!" Akipanda kilima anasimama, anahema, bantu banacheka tu.

Mwaka jana, wakati ya baridi, mafua iliingia kwetu. Batoto bote balikohoa, kisha bakarudia ku michezo. Syntiche alibakia mu kitanda, anahema. Agnès akasema: "Anahemaka vile, juu iko munene." Asubui moja niliingia kuomba makaa ya moto ya mbabula, nikaona midomo ya mutoto imegeuka bleu, mbavu zinaingia ndani. Nikapiga kelele: "Agnès, uko kipofu? Mutoto anakufa!"

Ku lupitalo balimutia oksijeni. Dokta, mwanamuke kijana, alisema bila kuzunguka: "Kirusi ni ile ile ya batoto bote. Lakini mafuta inamufinya kifua, mapafu inakosa nafasi ya kufunguka, tena mwili yake inapigana na ugonjwa vibaya. Apunguze kilo, polepole. Kirusi ingine itakuya." Agnès alilia sana. Nilimukamata mukono, nilimuonea hasira, nilimuonea na huruma.

Mutoto alipona. Kipushi, Agnès hakujulisha kitu, aliogopa. Sucré ikaisha mu nyumba. Bukari ikawa kidogo, majani ya lengalenga mingi, na kila siku babili bao banatembea mpaka ku muto. Syntiche alipiga mulango mateke: "Haunipende!" Agnès alikuwa anaingia mu chumba kulia peke yake. Lakini kilima, mutoto sasa anaipanda na mbio.

Kisha kambo akakuya. Akafinya mukono, akafinya mashavu. Hakucheka.

"Umemukondesha."

Agnès akasema yote: kikohozi, oksijeni, maneno ya dokta.

"Kumbe alilala lupitalo, na haukuniambia?"

"Niliogopa, mama. Lakini ungoje umuone akikimbia. Anapumua muzuri sasa."

"Sikia, Agnès. Wakati balitufukuza shiye Bakasai huku, nilizika batoto babili pa gare, tunangoja treni, juu ya njaa. Balianza tu vile, na mashavu. Usinifundishe mutoto wa kukonda."

 

Kambo akamugeukia Syntiche. "Unataka kuenda na kambo?"

"Kule iko sucré?"

"Iko. Na mikate."

Syntiche akakimbia kutafuta viatu vyake. Alifurahi, mutoto wa watu, na miye nilitaka kumupiga kofi.

Agnès akapiga magoti kumufungia kamba. "Syntiche, kama siku moja unaanza kuhema, ambia kambo mbio. Usingoje."

"Kuhema namna gani?"

Alikuwa amesahau. Agnès akamuonyesha, na kifua, haraka haraka, kinywa wazi. Syntiche akacheka sana, akaenda kumushika kambo mukono. Agnès alibakia pale chini anahema, hakuweza kuacha.