Nilidhani ni Salfa ya Zabibu

Mbukwenyi, akina mama wa jumuiya. Mtanivumilia, nitaongea nikiwa nimekaa. Kusimama naweza, ila nikisimama sana tumbo linavuta, halafu mtaanza kunihurumia badala ya kunisikiliza.

Mimi ni mkulima wa zabibu. Shamba letu liko nje ya mji, nyumba iko Nzuguni, na zabibu zangu nauzia Makole. Zamani nilikuwa na mwili, wengine mnanikumbuka. Nilikuwa nabeba kreti mwenyewe na bado napata nguvu ya kugombana na mwenye bajaji. Hospitali nilikwenda kujifungua tu.

Sasa, kwenye zabibu kuna salfa, ule unga wa njano tunaopuliza ili ukungu usiharibu mashada. Ukipuliza unawashwa, macho yanachoma, nguo zinakuwa njano. Na dawa yake sote tunaijua: ukitoka shamba unakunywa maziwa kukata sumu.

Basi mwili ulipoanza kuniwasha sikushtuka. Nilijikuna mapaja mpaka yakatoa damu. Mume wangu, Baba Neema, akasema, "Salfa hiyo. Hujifungi kitambaa vizuri." Akaniongezea maziwa. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nikasema ni jua, sinywi maji ya kutosha. Choo kikawa cheupe, kinaelea, kinanuka vibaya. Mnisamehe, lakini ndivyo kilivyokuwa. Nikasema, si nakunywa maziwa? Kila kitu nilikipatia jibu, nikaendelea na kazi.

Mavuno yakaisha, salfa tukaacha, mimi bado najikuna. Chakula nikakikinai. Magauni yakawa yananidondoka mabegani. Nilipompelekea Bi Zaituni, mwenye duka pale Makole, zabibu za mwisho, alinivuta nje kwenye mwanga akanishusha kope kwa kidole.

"Mwenzangu, macho haya yana nini?"

"Salfa."

"Salfa gani inakaa ndani ya jicho na mavuno yameshakwisha? Nenda hospitali, usinitanie."

Nilikasirika. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mume wangu ili anisaidie kumsema. Akanisogeza kwenye taa, akaniangalia machoni. Asubuhi akanipeleka.

Walinitoa damu, wakanipiga ultrasaundi, halafu kile kipimo kikubwa cha kulala kwenye mashine. Daktari alikuwa binti mdogo. Alipotuita aliniamkia mara mbili, nikajua habari si nzuri.

"Mama, ini linatengeneza nyongo," akasema. "Nyongo inapita kwenye mfereji mwembamba kwenda kwenye utumbo, kusaidia kusaga mafuta. Mfereji wako umezibwa na uvimbe. Nyongo imekosa njia, imerudi kwenye damu. Ndiyo maana unawashwa na macho ni manjano. Na choo ni cheupe kwa sababu nyongo ndiyo inayokipa rangi."

"Kwa hiyo si salfa?" mume wangu akauliza.

"Si salfa, baba. Tunadhani ni saratani ya mfereji wa nyongo."

Nilimuuliza kama nitapona. Akasema kwenye picha haionekani kusambaa, lakini uhakika watapata wakishafungua tumbo. Kama haijashika mishipa mikubwa ya damu wala kuenea kwenye ini, wataikata. Kama imeenea, watafunga, kisha watanipa dawa za kuipunguza nguvu tu.

Kwanza walinitoboa ubavuni wakaweka mrija wa kutoa nyongo nje. Nikawa natembea na mfuko wa maji ya kijani, lakini kuwashwa kukapungua, nikalala usingizi. Baba Neema ndiye aliyekuwa akiumwaga ule mfuko. Mwanaume aliyekulia kwenye ng'ombe, hajawahi hata kuosha kikombe, alijifunza kunawa mikono kama nesi.

Siku ya upasuaji sikuogopa kufa. Niliogopa kuamka nikaambiwa wamefunga tu. Nilipozinduka, koo limekauka, nilimuuliza nesi, "Wamekata au wamefunga?"

"Wamekata, mama. Tulia."

Nililia mpaka kidonda kikauma. Walitoa mfereji, kifuko cha nyongo, kichwa cha kongosho na kipande cha utumbo, kisha wakaunganisha upya vilivyobaki. Watu wanadhani hadithi inaishia hapo. Mimi ndipo nilipochoka. Kidonda kilitunga usaha, homa ikanishika, kila nilichokula kilirudi. Baadaye nikaanza vidonge vya saratani, vya miezi. Viganja vilibanduka ngozi, nyayo zikawaka moto, nikaharisha. Siku moja nikamwambia mume wangu, "Niache nife, nimechoka."

Akasema, "Sawa, utakufa. Ila leo meza hiki kwanza."

Nikameza, kwa hasira.

Leo nakula ugali wa uwele kidogo kidogo, na mlenda. Kliniki naendelea kwenda. Ugonjwa huu unaweza kurudi, daktari hakunificha, na kila nikisubiri majibu siongei na mtu. Kwa hiyo msiniite muujiza, neno lenyewe linanichosha. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari, na mume wangu namshukuru hapa mbele yenu kwa sababu nyumbani ataniambia niache maneno.

Ninachowaomba ni kidogo. Mkojo na choo chako, vitazame. Kuwashwa kusikokwisha, usikutafutie jina mwenyewe. Ukinyauka mwili bila sababu, nenda ukapimwe. Manjano ina sababu nyingi, na si zote saratani, lakini hospitali ndiko wanakojua ipi ni ipi.

Nilijiapiza kwamba siku ambayo si ya kliniki yangu, zile korido za hospitali hazitaniona. Nimezichoka, hata harufu yake. Lakini wewe dada uliyekaa karibu na dirisha, mwenye khanga ya bluu, nimekuangalia macho tangu nianze kuongea. Mimi si daktari, siwezi kusema una nini. Tukishasali, usiondoke. Nielekeze unakoishi, asubuhi nitakupitia.