Waliombea Miguu

Nilipoanguka, watu wote uwanjani walikimbilia miguu yangu. Kocha aliishika, na mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi kando ya ua akaacha karai lake akaja kuishika pia. Wakainyoosha taratibu kwenye nyasi kana kwamba ingevunjika mikononi mwao. Miguu ilikuwa salama. Imekuwa salama tangu nizaliwe, kwa sababu haijawahi kufanya kazi yoyote wala kuhisi chochote. Kilichochanika ni bega la kulia.

Mimi hurusha tufe nikiwa nimeketi. Kiti chenyewe ni fremu ya chuma, kazi ya fundi mmoja wa Sigalagala, na hufungwa kwa mikanda kwenye vigingi vilivyopigiliwa ardhini ili kisiyumbe. Huku Kakamega mvua hunyesha karibu kila alasiri, na siku ile tulianza mazoezi udongo ukiwa bado laini. Kigingi cha nyuma kiling'oka mkono wangu ukiwa umeshanyooka. Kiti kikapinduka, nikaangukia mkono uleule. Nimeirudia sekunde hiyo kichwani mpaka siijui tena. Wakati mwingine nina hakika niliona kigingi kikitikisika. Wakati mwingine nadhani nimekitikisa baadaye, kwa kukiwaza.

Hospitalini, daktari wa mazoezi ya viungo aliniambia kano imechanika ila haijakatika kabisa.

"Usirushe kitu. Usisukume kiti, usijiinue kwa huo mkono."

"Na nikitaka kwenda chooni?"

Alikitazama kiti changu cha magurudumu kana kwamba kimeingia sasa hivi. "Kwani nyumbani hakuna mtu?"

Yupo Mama. Nina shahada, wenzangu niliosoma nao wana watoto, na Mama akarudi kunitoa kitandani kwa mgongo wake. Mtu mwenye miguu akiumia bega hutembea nalo hivyohivyo. Mimi bega ndilo hunifikisha barabarani. Ndilo pia lililofanya watu waniulize habari nyingine mbali na ugonjwa. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa unakaribia, na nilitaka kuufikia kuliko nilivyowahi kutaka kazi. Kila asubuhi nilivuta kipande cha tyubu ya baiskeli nilichokifunga kwenye komeo la mlango, nikijiuliza kama maumivu haya ni ya kupona au ya kuchanika zaidi. Nilisoma kwenye simu mpaka nikaamini yote mawili.

Kisha akina mama wa maombi wakaja. Kwetu mtu akiumia lazima wafike, na lazima wakute chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Waliimba, wakapiga magoti kunizunguka, wakaweka mikono. Waliiweka kwenye miguu.

"Ni bega," Mama akasema kwa sauti ya chini. "La kulia."

"Tumesikia, dada," kiongozi wao akajibu. "Lakini Mungu hafanyi kazi nusu. Akija kwa bega, apitie na huku."

"Kwani nauli atalipa mara mbili?" mwingine akadakia, na wakacheka kidogo kabla ya kufumba macho.

Bega halikutajwa tena. Nilitaka kuwakumbusha, nikafikiri wataonaje: msichana amesoma, sasa anamwelekeza Mungu pa kugusa. Nikafikiri pia kwamba wameiombea miguu hii tangu utoto wangu na huenda wanaona aibu kuiacha. Halafu nikakumbuka hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kuniona nikirusha. Nikiwa bado nawaza hayo, maombi yakaisha. Bibi mmoja aliyepiga magoti upande wangu wa kulia akatafuta pa kushika ili ainuke. Akashika bega.

Nilipiga yowe.

"Amehisi!" kiongozi akapaza sauti. "Miguu imehisi!"

Vigelegele vikajaa sebuleni. "Simama, binti yetu! Simama kwa imani!" Bibi akanishika tena palepale, anisaidie kusimama. Machozi yalinitoka, nayo yakahesabiwa upande wa muujiza.

Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na birika, mdomo wazi, akitazama magoti yangu. Yeye, ambaye amenivalisha soksi maisha yangu yote na anajua zaidi ya daktari yeyote kilichomo na kisichokuwamo humo, alikuwa anayangoja magoti.

Walipoondoka alipangusa meza muda mrefu.

"Huko chini hukuhisi kitu chochote?"

"Ni bega, Mama."

"Najua. Nimeuliza tu."

Jumamosi alinisukuma hadi uwanjani. Bega lilikuwa limevimba upya. Labda ni yule bibi, labda ni tyubu, labda halikuwahi kuanza kupona. Kocha hakunipa tufe langu, alinipa lile jepesi la watoto wa shule. Nililiweka shingoni, nikavuta pumzi, nikarusha. Lilianguka karibu na ubao wa kuwekea miguu, bila hata kubingirika. Kocha akaliokota, akalifuta tope kwa shati lake.

"Bingwa, mwaka huu nitapeleka wengine."

"Kocha, nipe wiki mbili tu. Nafanya mazoezi kila asubuhi."

"Hata chai unakunywa na kushoto. Nimekuona." Akalitia tufe mfukoni mwa begi. "Pona kwanza. Halafu tutaongea."

Sauti yake haikuwa ya mtu anayepanga kuongea.

Mlima wa kurudi kwetu ni wa murram, udongo na kokoto tupu, na mvua ilikuwa imeuchimba mifereji. Mama hakuuliza kocha amesema nini, alikuwepo. Nilimsikia akihema nyuma yangu, akisimama, akihema tena. Sikuweza kuvumilia. Nikashika gurudumu la kushoto kwa mkono wangu mzima, nikalisukuma kwa nguvu zote nilizokuwa nimezitunza kwa mchujo. Kiti kikageuka kulia, kikaelekea mtaroni. Mama akakivuta nyuma, karibu aanguke.

"Wacha," akasema. "Ukisaidia tunapinda."

Nikarudisha mkono mapajani, na akaanza kusukuma tena.