Nusu Saa Kutoka Kamembe

Gratien alikuwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege wa Kanombe mjini Kigali, mtu wa maneno mengi na vicheko, lakini asubuhi ile ya mwaka 1991 vicheko vilikuwa vimemkauka. Mama yake alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Kamembe, kule kwao Cyangugu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kiti, maana macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu na daktari wa macho alikuwa Kigali. Sasa uongo wake angeuficha wapi?

Mwaka uliotangulia, dereva wa basi la Cyangugu alimpitia nyumbani kwake Kabeza. "Mzee wako yuko taabani, anakuita." Kiti cha bure kilikuwapo, wafanyakazi walipewa nafasi zilizobaki. Lakini Jumamosi ile rafiki yake alikuwa anaposa, pombe imeshaandaliwa, na Gratien ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Tena mzee si kila masika huugua, akapona? Basi akamjibu dereva bila kupepesa macho: "Mwambie mama ni mbali mno. Hata ndege ni kutwa nzima, inasimama kila mahali kama basi. Nikipata ruhusa nitakuja."

Ruhusa! Nani alimnyima? Alikwenda kwenye posa, akamwaga maneno matamu mpaka wakwe wakapiga makofi, kisha akaletewa habari kwamba mzee ameshazikwa. Tangu hapo ndege ya Kamembe ilimchoma moyo kila alipoipakia. Barabarani, msitu wa Nyungwe peke yake unakula mchana. Hewani ni nusu saa tu, umefika. Nusu saa, jamani!

Ndege ikatua. Mama Nyiransabimana akashuka ameshikwa mkono na mhudumu, kitenge kipya kiunoni, viazi vitamu vya njiani bado vimefungwa. Gratien akamkumbatia, akamwingiza ndani.

"Yewe, mwanangu!" Mama akampapasa uso. "Umenifuata mpaka huku njiani?"

"Karibu, mama. Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi tena?" Akapapasa benchi, akakaa. "Wacha nikae hapa hapa nisiachwe. Si ulisema inasimama kila mahali?"

Gratien alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kumkalisha pale mpaka jioni, halafu amwambie wamefika. Haoni vizuri, angejuaje? Wazo hilo lilimpitia kweli, akajichukia.

"Mama, hapa ndipo Kigali. Umefika."

Mama akaangua kicheko. "Acha kunitania, wewe! Hata viazi sijavigusa. Kigali ingekuwa karibu hivi, ungekuja baba yako alipokuita."

Gratien akamshika mkono, akaukaza. Kicheko cha mama kikakatika. Akasikiliza watu wakipokeana kwa vifijo, mmoja akiita teksi ya kwenda mjini.

"Kumbe," akasema taratibu.

"Nisamehe, mama."

"Kila alipozinduka aliniuliza, Gratien amefika? Mimi ndiye niliyemwambia uko njiani, ndege ni kutwa nzima, avumilie." Akauondoa mkono wake mkononi mwa mwanawe. "Akavumilia, Gratien. Akavumilia mpaka akashindwa."