Kizibao Kimoja

Juzi nilipita kiwanja kimoja cha mtaa wa Tottenham, nikaona vizibao vya mazoezi vimeanikwa kwenye uzio, vya njano, vinachuruzika maji. Nikamkumbuka baba.

Alikuwa kocha msaidizi wa timu ya chuo, na vizibao vya wachezaji vilifuliwa kwetu. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, alirudi mapema. Flati nzima ilinuka sabuni na nguo mbichi zilizolazwa juu ya hita. Vilipokauka alivipiga pasi kimoja kimoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nami nikadhani kesho yake kuna fainali.

"Mtashinda, baba?" nilimuuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

"Tutashinda, mama," alinijibu kwa Kiswahili, bila kuinua macho.

Nikaiba kimoja, nikakificha chini ya mto, ili nami niwe mchezaji wake. Sikujua kwamba chuo kilikuwa kimemwachisha kazi, na kwamba alikuwa anavirudisha.

Kesho yake nilimsikia kwenye simu, akiongea kwa sauti ya chini: "Samahani sana, kocha. Kimoja nimekipoteza."

Ninacho hadi leo. Baba alifariki akiamini kwamba alikipoteza yeye.