Bendera ya Orrin

Marlys Tveit amewaandikia mafundi wa programu maelezo kwa miaka ishirini na miwili hapa Duluth, mji wa kando ya ziwa, na hajawahi kutunga programu hata moja. "Kazi yangu ni kuwaelewanisha nyinyi kwa nyinyi," husema. Ni kweli, maana sisi mafundi wenyewe hatuelewani.

Majira yale ya baridi ukurasa mmoja ulimtoa jasho miezi minne. Ulihusu programu zinazofanya kazi pamoja bila kufungiana kufuli, yaani bila moja kuizuia nyingine isubiri: moja huandika habari kisha huinua bendera, alama kwamba habari iko tayari; nyingine ikiona bendera, husoma. Balaa ni kwamba kompyuta, kwa pupa yake, huweza kuinua bendera kabla habari haijafika, na inayosoma ikaambulia habari za zamani. Marlys alieleza namna ya kuiamuru: habari kwanza, bendera mwisho.

Sahihi ilitakiwa ya Orrin Hagstrom, fundi wetu mkuu, mzee mwenye kichwa kigumu kuliko barafu ya ziwani. Aliukataa mara kumi na moja.

"Hilo la bendera hata mtoto analijua, bibie. Futa."

Ijumaa adhuhuri kitabu chenye ukurasa huo kilikuwa kinakwenda kwa wateja. Bila sahihi, ukurasa ungetupwa. Marlys akawa hali wala halali. Nilimwonea huruma.

Alhamisi huwa tunakula pamoja ofisini. Mwenye zamu huandaa meza, kisha husimamisha kibendera cha kijani mlangoni mwa jiko. Alhamisi hiyo, siku moja kabla ya kitabu kuondoka, zamu ilikuwa ya Orrin. Kwa kuwa mikono yake ingejaa, alisimamisha bendera kwanza, ndipo akaenda kutoa sinia la nyama na viazi kwenye oveni iliyo chumba cha nyuma. Sisi tukaiona bendera, tukavamia. Mezani palikuwa na bakuli la tambi baridi za juma lililopita, limewekwa likatupwe. Tukala. Mimi niliongeza.

Orrin akaingia na sinia linafuka. "Nani kawaambia mle hizo?"

"Bendera, mzee," nikajibu, mdomo umejaa.

Akaitazama bendera, akawa mwekundu. Marlys hakucheka. Alitoka, akarudi na karatasi yake na kalamu.

"Haya, lete nitie sahihi, yaishe," Orrin akanung'unika.

Marlys akaificha kalamu nyuma. "Soma kwanza, mzee. Sahihi mwisho."

Orrin akavuta kiti, akasoma, nyama ikipoa. Kisha akaigeuza karatasi, akashtuka.

"Kumbe kuna upande wa pili?"

"Upo tangu Novemba," Marlys akasema.